Rangi za Sauti ya Pili

Mwezi uliopita fundi mmoja alikuja kupaka rangi milango ya ofisi yetu, na kabla hajamaliza mlango wa kwanza nilikuwa nimeshatoka nje. Alikuwa ameizimua rangi kwa mafuta ya taa ili iteleze. Mwenzangu wa meza ya jirani alinifuata barazani akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina ujauzito. Nikamwambia hapana, ni harufu tu. Sikumweleza kwamba harufu hiyo naijua kama wengine wanavyoijua harufu ya wodi, na kwamba kila ikinifikia najiona nimekaa kwenye benchi la pembeni la kanisa la kwetu Ngujini, daftari la hesabu magotini, namchunguza mtu.

Nilikuwa na miaka kumi. Kaka yangu Joshua alikuwa shule ya bweni. Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mkonge huko chini tambarare, akipanda kuja kwetu mwisho wa mwezi. Nyumbani tulibaki mimi na mama, na nyumba ya juu yetu alikaa bibi, mama yake baba, tukitenganishwa na migomba michache na mfereji wa maji. Anayeijua Ugweno anajua jinsi nyumba zilivyokaa kwenye ile miteremko: ya juu inaona ua wote wa ile ya chini, nani kaingia, nani katoka, nani kaanika nini. Mtoto wa huko hujifunza kuchungulia kabla ya kujifunza kusoma, na mimi nilikuwa hodari kwa yote mawili.

Mama alikuwa anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa. Sauti ya pili haina sifa. Watu wakitoka ibadani husifu sauti ya kwanza kwa kupanda, na besi kwa kunguruma, lakini wanakwaya wenyewe wanajua ni nani anayewashika wasianguke. Kwenye kwaya yetu alikuwa mama. Wanawake wanne waliosimama naye walikuwa wanaegemea sauti yake kama mtu anavyoegemea kingo za daraja, bila kuitazama. Nyumbani hakuwa msemaji sana. Kanisani ndiko alikokuwa mtu mkubwa, nami nilipenda kukaa pale nikijua kwamba yule ni wangu.

Mwaka ule alibadilika. Alikuwa ameumwa homa kali iliyomlaza wiki tatu, akapona, akarudi shambani kwenye kahawa, lakini hakurudi kwetu sawasawa. Nilikuwa namwita kutoka njiani naye yuko jikoni, haitiki. Namwita mara ya tatu, anashtuka nikiwa nimeshafika mlangoni. Namsimulia mambo ya shule naye ameinamia kuni, ananijibu "haya" mahali pasipotaka haya. Na simu ya baba ilipoingia Jumapili mchana, alikuwa ananikabidhi mimi upesi kana kwamba inamuunguza.

"Ongea na baba yako, mimi nina unga mikononi," alikuwa anasema. Siku nyingine mikono ilikuwa mikavu kabisa.

Baba akawa ananiuliza mimi. Mama yako yuko wapi? Mbona haongei na mimi? Mna ugomvi gani huko? Swali lisilo na jibu mtoto halitupi, hulifuga.

Jibu la kwanza lilitoka kwa bibi. Alikuwa amesimama juu ya mfereji, amemwita mama mara mbili kuhusu kuku, na mama akapita na ndoo yake bila kugeuka. Bibi alimtazama mpaka akaingia ndani. Kisha akaniambia, si kwa hasira, kama mtu anayenifundisha kuchagua mbegu: "Mwanamke akianza kutosikia anapoitwa kwake, ujue kuna kwingine anakosikia."

Wakati huo alikuwa ameshafika Fundi Eliamani.

Alitokea Same mjini, ameletwa kupaka rangi kanisa, madirisha na ukuta wa nyuma. Akapanga chumba karibu na maduka, pale bodaboda wanapogeuzia, na kazi ya kanisa ikiendelea akawa anapokea na kazi ndogondogo za mabango. Alikuwa mwembamba, wa makamo, mpole kupita kiasi. Na kwetu mgeni mpole hakuaminika haraka. Kazi yake ilikuwa nzuri, hilo hakuna aliyelikataa. Alichora ng'ombe kwenye bucha mpaka watu wakabishana ni wa nani. Lakini watoto waliochungulia chumbani kwake walirudi na habari nyingine. Kule ndani, walisema, alikuwa ametundika mbao zilizopakwa rangi tupu. Hazina mtu, hazina mti, hazina hata herufi. Njano imelala juu ya bluu, nyekundu imekatiza, basi.

Maneno yakaanza. Mmoja alisema ni ramani za madini. Mwingine alisema ni alama za dini ya siri. Bibi alisema mtu anayejua kuchora ng'ombe namna ile akiamua kuchora kitu kisichokuwepo, basi kipo, ila wewe hutakiwi kukijua. Nililibeba neno hilo mpaka kanisani.

Mazoezi ya kwaya yalikuwa Jumamosi mchana. Kwaya ilisimama mbele, kwenye ngazi za madhabahu, ikitazama mabenchi. Mwalimu wa kwaya aliwaelekea wao, mgongo kwetu. Fundi Eliamani alikuwa nyuma kabisa, kwenye ukuta aliokuwa anaupaka. Alikuwa na vibao vidogo vya mbao, kila kimoja na rangi yake, na mara kwa mara alikiinua kimoja mbele ya kifua kama anayeilinganisha rangi na mwanga wa dirisha. Ndivyo kila mtu alivyodhani. Ndivyo nami nilivyodhani, mpaka siku niliyoyafuata macho ya mama.

Mama hakuwa anamtazama mwalimu. Alikuwa anatazama juu ya bega la mwalimu, moja kwa moja hadi ukuta wa nyuma.

Nikageuka taratibu. Fundi aliinua kibao cha njano, akakishusha. Akainua cha bluu. Na mama akafungua mdomo akaimba.

Tangu Jumamosi hiyo sikuwa mtoto tena, nilikuwa askari. Nyuma ya daftari la hesabu nilipiga mistari, nikaandika: njano, bluu, nyekundu, nyeusi. Nilikuwa natia alama kila kibao kilipoinuliwa, na mbele yake naandika mama alifanya nini. Njano ikiinuka, mama alitulia, kidevu kimeshuka kidogo. Bluu ikiinuka, uso ulifunguka. Nyekundu ilimfanya anyooke mgongo. Nyeusi ilifunga kila kitu. Baada ya wiki nne nilikuwa na tafsiri yangu kamili. Bluu maana yake njoo. Nyeusi maana yake acha, wanatuona.

Sikuwaza kwamba mambo hayo yaliendana na wimbo. Nyimbo nilikuwa nazisikia tangu tumboni. Zilikuwa kama kelele ya mfereji, hazikuwa habari. Habari ilikuwa yule mwanamume na mama yangu, wakizungumza mbele ya watu wote bila kutumia mdomo.

Siku moja nikitoka shule nilikwenda kwa fundi mwenyewe. Nilijiambia naenda kumtega. Alikuwa nje ya chumba chake anaandika bango la duka la mbolea. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kwa sababu alikuwa katikati ya herufi. Nilipomuuliza kwa nini ana picha zisizo na kitu, alimaliza herufi, akafuta mikono, akaingia ndani akatoka na kitabu kikubwa kisicho na jalada.

Alisema alikiokota kwenye nyumba ya mwalimu mmoja wa kigeni aliyehama, alipokwenda kumpakia rangi dari. Lugha yake hakuijua, ila mwanachuo mmoja aliwahi kumsomea kidogokidogo. Alifungua ukurasa. Niliona miduara, mistari iliyopinda, mabaka ya rangi yanayogombana.

"Hawa ni wachoraji wa Ulaya, wa miaka kama mia iliyopita," alisema. "Walichoka kuchora miti na watu. Waliwaonea wivu wanamuziki."

Nikamuuliza wivu wa nini.

"Wimbo hauna ng'ombe ndani," akasema. "Hauna nyumba, hauna uso wa mtu. Lakini unaimbwa, mtu mzima analia. Wakajiuliza, kwa nini rangi kila siku ibebe ng'ombe mgongoni ndipo iruhusiwe kusema?"

Akaniwekea kidole kwenye njano. Hii, alisema, inapiga kelele, ni tarumbeta, hata ukiifunika utaisikia. Akakipeleka kidole kwenye bluu. Hii inashuka, na jinsi inavyoiva ndivyo inavyozidi kushuka. Wale wazungu, alisema, waligombana wenyewe kwa wenyewe ni rangi ipi ina sauti ipi, lakini yeye kwa masikio yake alikuwa ameshaamua.

"Bluu ni sauti ya pili," alisema.

"Kama ya mama yangu?"

Alikifunga kitabu. Si kwa haraka, lakini alikifunga. Akaniuliza kama mama anajua niko pale. Nikaondoka mbio, nimeridhika kabisa, kama mtu aliyeona mwizi akitupa jembe la wizi kichakani.

Nimewatafuta wachoraji wale nikiwa mtu mzima, kwenye simu, usingizi unapokawia. Ni kweli walikuwepo. Wengine walidai wakisikia ala fulani wanaona rangi fulani, na wengine walitaka tu picha iwe huru kama wimbo. Nimewasoma kwa shaka, ninakiri. Sijui ni nani kati yao aliyesikia kweli na ni nani aliyependa kuonekana anasikia. Lakini fundi wetu alikuwa amechukua maneno yao akayafanyia kazi ambayo sidhani hata mmoja wao aliifikiria.

Kilichobaki kilikuwa ushahidi, na ushahidi niliupata kwenye sanduku la bati la mama. Vitenge vyake vilikuwa vimeanza kunuka mafuta ya taa na rangi, na harufu hiyo ndiyo iliyonipeleka. Mama akiwa shambani nilifungua sanduku, nikainua nguo moja moja, na chini kabisa nikakuta karatasi ya kaki imeviringishwa, ndefu kuliko mimi. Ilikuwa imejaa rangi, mistari mipana ikifuatana kutoka kushoto kwenda kulia, njano, bluu, bluu, nyekundu, bluu. Mahali pamoja, karibu na mwisho, palikuwa na pengo jeusi, pana kama kiganja cha mtu mzima. Baada ya jeusi, bluu ndefu mpaka ukingoni.

Barua ya mapenzi niliwahi kuiona, ya dada mmoja wa jirani, ilikuwa na maua pembeni. Hii niliiona mbaya zaidi, kwa sababu ilikuwa barua iliyojua kujificha.

Baba alifika Ijumaa mchana kwa bodaboda, amefunga nyuma mfuko wa mchele wa Kihurio. Hakuwa amemaliza kunywa maji nilipompa ile karatasi. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini sikungoja. Nilikuwa naogopa mama ataondoka, hilo ni kweli. Lakini pia nilikuwa nimebeba siri kubwa kuliko watoto wote wa Ngujini, na nilitaka mtu aone jinsi nilivyoibeba.

Nilimweleza yote: vibao, macho, daftari, harufu ya vitenge, kitabu kilichofungwa. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaingia jikoni na karatasi mkononi. Mama alikuwa ameinama kwenye mafiga, anageuza makande, mgongo mlangoni.

"Mama Joshua, hii ni nini?" baba akauliza.

Mama aliendelea kugeuza.

"Nakuuliza hii ni nini."

Mwiko ulizunguka kwenye sufuria. Nilimwona baba akibadilika rangi ya uso. Mtu anayeulizwa kitu kama hicho na asitingishike hata bega, ama ni mtakatifu ama ameshaondoka moyoni siku nyingi. Aliiweka karatasi mezani, akaifungua yote, na ndipo mama, kwa kuona kivuli kikisogea, akageuka.

Aliiona karatasi. Kisha akanitazama mimi, mlangoni. Hakuuliza ni nani aliyeitoa.

"Ni wimbo," alisema.

Baba alicheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Alimuuliza wimbo gani huo usio na maneno. Mama akasema ni wimbo wa kwaya, ule wa kwenda kuimba Same. Baba akamuuliza kwa nini basi umefichwa chini ya nguo, na nani kauandika, na kwa nini mwanamume wa watu amwandikie yeye peke yake katika kwaya nzima. Mama alimtazama mdomo kwa makini sana, kama anayehesabu meno yake, na hakujibu. Nilidhani ni kiburi. Baba naye alidhani hivyo.

Alikwenda kwa Fundi Eliamani jioni ileile kabla jua halijazama, na wanaume wawili wa ukoo. Hawakumpiga. Baba alimwambia asionekane tena kanisani kwaya ikiwepo, na bora asionekane Ngujini kabisa. Waliokuwepo walisema fundi alisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja tu, kwamba kuna jambo si lake kulisema. Baba alirudi akilirudia neno hilo kwa uchungu. Jumapili fundi alikuwa ameshapakia mbao zake akashuka Same, ukuta wa nyuma wa kanisa ukiwa nusu mweupe, nusu wa zamani.

Mama hakunigombeza. Alipika, alinichana nywele, alinifulia sare. Ila sanduku lake lilipata kufuli.

Wiki tatu baadaye kwaya zilikutana Same, kwenye kanisa kubwa la mjini. Tulishuka asubuhi na mapema, mimi, bibi na wanakwaya kwenye gari la kukodi, tukauacha ukungu wetu mlimani na kukutana na joto na upepo wenye vumbi. Baba alitokea kule kwenye mkonge akatukuta pale, amevaa shati jeupe. Alikaa upande mmoja wangu, bibi upande mwingine, Biblia yake nyeusi mapajani. Nilikaa katikati yao nikijisikia kama mtu aliyeokoa nyumba.

Kwaya yetu ilipanda ya tano. Mama alisimama mahali pake, na kabla mwalimu hajainua mikono niliyaona macho yake yakipita juu ya bega la mwalimu, yakaenda hadi nyuma ya kanisa, yakatafuta. Yalitafuta kushoto, yakatafuta kulia. Huko nyuma kulikuwa na ukuta na watu waliokosa viti.

Walianza vizuri. Beti mbili zilikwenda, na mimi, kwa mazoea ya uaskari, nilikuwa naziona rangi kichwani: njano, subiri, bluu, haya. Na hapo, kwa mara ya kwanza, nilisikia kwamba rangi zilikuwa zinaendana na wimbo. Kila sauti ya kwanza ilipopanda peke yake palikuwa pa njano. Kila sauti ya pili ilipoingia palikuwa pa bluu. Niliiona ile karatasi yote imefunguka mbele yangu, na nikajua kinachokuja. Karibu na mwisho wimbo ule ulikuwa unakatika ghafla. Sauti zote zinanyamaza, pumzi mbili, tatu, kisha zinarudi pamoja.

Mwalimu alifunga kiganja. Kwaya ikanyamaza. Mama akaendelea.

Aliimba peke yake ndani ya kimya kile, sauti ya pili tupu, isiyo na mtu juu wala chini. Ilikuwa nzuri, na ndiyo maana ilitisha. Mwalimu alimpungia mkono, lakini macho yake hayakuwa kwa mwalimu, yalikuwa bado huku nyuma yanatafuta. Mwanamke aliyesimama kando yake alishindwa aanze wapi. Benchi la mbele yetu mtu alicheka, akaziba mdomo.

Sikumbuki nikiwaza. Nilinyakua Biblia ya bibi, nikapanda juu ya benchi, nikainyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa changu, jalada jeusi likimwelekea. Macho ya mama yalipita, yakarudi, yakasimama pale. Akafunga mdomo.

Wenzake wakachukua ubeti wa mwisho. Yeye hakuuingia. Alinitazama, akingoja, na mimi nilijitazama, nikamtazama baba, nikamtazama bibi: gauni la kijani, shati jeupe, kanga ya kahawia. Hatukuwa na kitu cha bluu. Niliweza kumnyamazisha mama yangu mbele ya watu mia kadhaa, lakini sikuwa na cha kumwingiza. Ubeti ulikwisha yeye akiwa amefumba midomo.

Nje, wanakwaya walimpisha kama anavyopishwa mfiwa. Alikuwa anatembea mbele, kuelekea kwenye gari. Baba alikuwa nyuma yake hatua tatu. Alimwita kwa jina lake la usichana, lile ambalo sikuwahi kumsikia akilitumia. Alimwita tena, kwa sauti zaidi. Mara ya tatu alisema taratibu, karibu kujisemesha mwenyewe, kwamba kuna nyoka mbele yake. Mama aliendelea kutembea, akiangalia mbele.

Baba alimpita, akasimama usoni pake. Yale waliyoongea sikuyasikia yote. Baadaye nilijua kwamba tangu ile homa masikio ya mama yalikuwa yanaondoka, sauti nyembamba kwanza. Alikuwa ameogopa kutolewa kwenye kwaya, ameogopa bibi aseme mwanawe amebaki na mke mbovu. Fundi aliligundua siku mama alipopeleka maandishi ya bango la kwaya, kwa sababu mama yake fundi mwenyewe alikuwa kiziwi na alimjua mtu anayetazama midomo. Aliapishwa asiseme. Hakusema.

Tulimtafuta mchana uleule, baba na mimi, tukamkuta kwenye kibanda nyuma ya soko. Alikuwa anaandika jina la saluni. Baba alimwambia amemkosea. Fundi alimaliza herufi kwanza.

"Mama yako alikosea wapi?" akauliza, na hakumuuliza baba, aliniuliza mimi.

"Alipitiliza kwenye kimya," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama daktari anayesikia alichokitegemea. Baba alimwomba arudi amalizie ukuta. Alikataa kwa upole. Alisema hawezi kukaa tena nyuma ya kanisa watu wakimhesabia pumzi. Akaingia ndani, akatoka na vibao vinne vimefungwa kwenye gazeti, akampa baba mkononi. Hata leo siwezi kuapa kwamba hakumpenda mama. Mtu hajisumbui namna ile kwa ajili ya bango. Lakini nimejifunza kuliacha swali hilo lilale, kwa kuwa si langu.

Mama alikaa mwaka mzima bila kuimba. Aliporudi, mwalimu wa kwaya akijua na kila mtu akijua, vibao vilishikwa na Joshua akiwa likizo, na baba Jumapili za mwisho wa mwezi, akitoka jasho, akikosea nyekundu. Katikati ya miezi hapakuwa na wa kuvishika. Nilimwendea mama nikamwambia mimi nazijua zote, naweza.

"Hapana," alisema. "Si wewe."

Hakulitia ukali neno hilo. Alilisema kama anavyokataa chumvi ya ziada, na hakulibadilisha mpaka nikamaliza shule nikaondoka.

Sasa hasikii kabisa. Ukitaka kuongea naye unakaa usoni pake, kwenye mwanga, unasema polepole, naye anakusoma mdomo. Krismasi hii nilikwenda Ngujini nimeamua. Baada ya chakula cha mchana, baba akiwa amekwenda kwa majirani, nilivuta kigoda nikakaa mbele yake. Nilimwambia kuna jambo nilipaswa kulisema zamani. Akanitazama midomo. Nikaanza na bibi na maneno yake ya pale mferejini, na simu za Jumapili, na jinsi nilivyoogopa kwamba ataniacha. Alifuata kila neno, nilimwona akilipokea. Nikasema, siku ile ulikuwa shambani, nikafungua sanduku lako.

Hapo akageuza uso akatazama nje, kwenye kahawa.

Sikuona hasira. Labda alihisi kwa nyayo zake mbwa akipita, kama watu wasiosikia wanavyohisi mtikisiko wa ardhi. Labda shingo ilichoka. Ningeweza kumgusa goti, angenigeukia. Sikumgusa. Niliendelea kusema, yote, mpaka mwisho, nikilitazama sikio lake na hereni yake ndogo, na nilipomaliza nikainuka nikakusanya vyombo.